Mabomba ya shaba yaliyochakaa katika nyumba ya kupanga: kukagua, kuziba, na kujua lini ung'oe yote

"Shikamoo mama. Samahani kwa kukusumbua usiku huu. Dari ya bafuni imepiga doa la njano, jana halikuwepo."

Nilipopata ujumbe huo mara ya kwanza nilimtuma fundi bomba. Alikuta tundu dogo kama ncha ya sindano kwenye bomba la shaba, akakata kipande, akaunganisha, akalipwa, akaenda zake. Miezi minane baadaye ujumbe ukarudi, dari ileile, hatua mbili kutoka palepale. Mara ya tatu alikuja fundi mwingine, mtu mzima, naye akafanya jambo ambalo yule wa kwanza hakulifanya. Kile kipande alichokikata alikipasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma, akakibandua kama ganda la karanga, akanionyesha ndani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa shaba unaweza ukaziba ufa vizuri kabisa na ukuta ukaujenga vilevile, kama hukujua ufa umeletwa na nini. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kukijua hicho. Nimewaandikia hasa wenye nyumba na wasimamizi, ila mpangaji naye ana sehemu yake humu, maana yeye ndiye anayelala na bomba.

Hatua ya 1: Hakikisha kilichomo ukutani ni nini

Tafuta mahali bomba liko wazi, kwa mfano chini ya sinki, nyuma ya hita au karibu na mita. Likwaruze kidogo kwa ncha ya kisu. Shaba hung'aa wekundu na sumaku hainati. Chuma kilichopakwa zinki hutoa kijivu na sumaku hunata. Ukikwaruza kitu laini mno, kikang'aa kijivu na sumaku isinate, hiyo ni risasi, metali yenye sumu, na dawa yake ni moja tu: kuitoa nyumbani.

Umri peke yake usikutishe. Shaba iliyofungwa vizuri na kupitisha maji mazuri hufika miaka 50 na kuendelea. Mabomba ya miaka 12 nayo huweza kutoboka kama maji ni makali au fundi alilipua kazi. Kwa hiyo fundi anayesema "haya ya zamani, toa yote" kabla hajafungua hata ubao mmoja, mwambie asubiri.

Umri una maana kubwa zaidi kwenye viungo. Zamani lehemu ya mabomba ilikuwa na risasi. Marekani iliipiga marufuku kwenye maji ya kunywa mwaka 1986, nchi nyingine kwa nyakati zao. Nyumba ikiwa ya kabla ya hapo, peleka maji maabara, kwa sababu risasi haina rangi wala ladha. Kipimo elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 za risasi kwa lita moja ya maji, na miligramu 2 za shaba.

Hatua ya 2: Soma dalili

Doa la kijani-buluu kwenye beseni, chini ya koki inayodondosha, ni shaba iliyoyeyuka ndani ya bomba na kuachwa pale tone linapokauka. Ukiliona kwenye beseni moja, tengeneza koki kwanza. Ukiliona kwenye mabeseni yote, na maji ya asubuhi yana ladha ya chuma, tatizo liko kwenye maji yenyewe.

Ukoko wa kijani na mweupe kwenye kiungo unahitaji tahadhari. Unaweza kuwa mkavu kabisa mkononi, na ukadhani ni uchafu wa zamani. Mara nyingi ni mvujo wa polepole mno, maji yanakauka kabla hayajadondoka na kuacha chumvi zake nyuma. Usiukwangue ili "kuona vizuri". Huenda ukoko huo ndio kizibo, na ukiubandua bila valvu kuwa imefungwa utaoga.

Dalili nyingine ni sakafu yenye kipande cha joto usichokielewa (bomba la maji moto limetoboka chini ya zege), mlio kama wa nyoka ukutani usiku nyumba ikiwa kimya, na kishindo kila mtu anapofunga koki ghafla.

Kisha fanya jaribio la mita kabla hujavunja chochote:

1. Waombe wapangaji wafunge koki zote na wasivute choo. Chagua saa ambayo haitawaudhi.
2. Andika namba za mita, pamoja na tarakimu za mwisho zinazoonyesha lita, au piga picha.
3. Subiri saa moja au mbili, usome tena.
4. Kama imesogea, anza na vyoo. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, uache nusu saa bila kuvuta. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mwizi umempata.
5. Kama vyoo ni salama, funga valvu ya maji baridi yanayoingia kwenye hita, urudie kipimo. Mita ikitulia, mvujo uko upande wa maji moto.

Namba 4 usiiruke. Nimeshabomoa vigae vya bafu zima nikitafuta bomba lililotoboka, kumbe ni mpira wa choo uliochoka.

Hatua ya 3: Mpangaji afanye nini ajali ikitokea

Haya ayajue siku anapokabidhiwa ufunguo, na umwonyeshe kwa vitendo. Karatasi peke yake haitoshi.

1. Funga valvu kuu. Ambayo haijaguswa miaka mingi hukwama, na aliyepaniki akiikaza kwa nguvu huivunja shingo. Kwa hiyo wewe mwenye nyumba ifunge na kuifungua mara mbili kwa mwaka.
2. Zima hita kwenye swichi yake, au zima gesi. Hita ya umeme ikiwaka bila maji ndani huunguza koili.
3. Fungua koki ya chini kabisa ili maji yatoke, na ya juu kabisa ili hewa iingie.
4. Maji yakiwa karibu na taa au soketi, zima umeme kwenye swichi kuu. Kama swichi yenyewe imelowa, au kuifikia ni mpaka ukanyage maji, usiiguse. Toka nje na upige simu.
5. Dari ikiwa imetuna kama tumbo, weka ndoo, simama pembeni, toboa tundu dogo kwa bisibisi mahali palipolegea zaidi. Tundu moja hutoa maji kwa utaratibu. Dari ikiachwa itashuka yote kwa pamoja.
6. Piga picha, ziwe na tarehe, mtumie mwenye nyumba kwa maandishi hata kama mmeshaongea kwa simu.

Kama fundi hapatikani mpaka kesho, kausha bomba, zungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, kaza kwa klipu mbili za kubania mpira, moja kila upande wa tundu. Fungua maji kidogo kidogo. Andika tarehe juu ya kiraka kwa kalamu ya wino mzito. Hiki ni kiraka cha siku mbili tatu, na tarehe ipo pale kukusuta.

Hatua ya 4: Kabla ya kukata, ulizia waya wa athi

Nyumba nyingi za zamani zimetumia mabomba ya shaba kama njia ya kupeleka umeme ardhini. Ukikata bomba hilo na kuweka kipande cha plastiki katikati, unakata pia kinga ya umeme ya nyumba nzima. Hutaona kitu mpaka siku waya wa mashine ya kufulia utakapogusa bodi yake, na mtu aishike. Hata wakati wa kukata, ukishika ncha mbili za bomba lililokatika unaweza kuwa wewe ndiye njia ya umeme.

Kwa hiyo fundi umeme aje kwanza. Aangalie kama athi inategemea bomba, na kama ndivyo, afunge waya mnene wa shaba unaoruka pengo kabla msumeno haujagusa kitu, au aijengee nyumba athi yake. Mafundi bomba wengi hawaulizi hili. Uliza wewe.

Hatua ya 5: Pasua kipande, kisome

Mwambie fundi akate kipande kirefu kidogo kuliko anavyotaka, sentimita 15 hivi kila upande wa tundu. Kabla ya kukitoa, chora mshale kuonyesha maji yanaelekea wapi, na mstari kuonyesha upande wa juu. Kisha kipasue kwa urefu. Mzee yule alikisuuza kwanza, akakipangusa kwa kitambaa, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Ukifanya hivyo, ndani utakuta mojawapo ya haya.

Pengine bomba lote ni laini, lina utando wa hudhurungi uliosambaa sawasawa, na tundu ni lile moja. Hiyo ni bahati mbaya ya pekee, pengine kasoro ya kiwandani. Karabati, endelea na maisha.

Pengine utaona mchirizi wa kijani, kama nta iliyoyeyuka, umeanzia kwenye kiungo na kuteleza kwenye tumbo la bomba, na vishimo viko chini yake. Huyo ni fundi wa mwanzo. Alijaza fluksi (dawa inayopakwa kwenye shaba kabla ya kulehemu) kupita kiasi, haikusuuzwa, ikaanza kuila shaba taratibu. Viungo vingine vya mkono huohuo navyo vitilie shaka.

Pengine vishimo ni visafi, vinang'aa, vina umbo la kwato ya farasi, na vimekusanyika mara tu baada ya elbo (kiungo cha kona). Hapo maji yanakwenda kasi mno. Maji moto yasizidi takriban mita 1.5 kwa sekunde, baridi takriban 2.4. Ukikuta hivi angalia kama bomba ni jembamba kuliko mahitaji, kama pampu ya kuzungusha maji moto ina nguvu kupita kiasi, na kama ncha ya bomba ilikatwa bila kusuguliwa ukingo wa ndani. Ukingo ule mdogo, ambao kidole kinausikia tu, unatosha kuyavuruga maji miaka yote hiyo.

Langu lilikuwa la namna ya nne. Vichuguu vidogo vya kijani vimetapakaa ndani kote, juu na chini, na mzee alipokiparua kimoja kwa msumari, chini yake palikuwa na shimo jeusi lililobakiza unene wa karatasi. Akaparua cha pili, hali ileile. Hayo ni maji yenyewe yanaila shaba, na yamepita kwenye kila mita ya bomba nyumbani. Kuziba hapo ni kungoja ujumbe unaofuata.

La tano ni bomba lililoliwa kutoka nje, ndani likiwa zima. Tafuta adui wa jirani: chumvi kwenye zege, amonia, mbolea, dawa za kusafishia zinazovuja chini ya sinki. Badilisha kipande, kifunike kwa ala ya plastiki, na umwondoe adui.

Kipande usikitupe. Kitie kwenye mfuko, andika tarehe, chumba, maji moto au baridi. Mimi nilivitupa viwili vya mwanzo, na vingeniokolea dari mbili.

Kanuni yangu, ambayo fundi wako anaweza kuipinga: tundu moja la aina ya kwanza, karabati. Aina ya pili na ya tatu, karabati na uondoe chanzo. Aina ya nne, au matundu mawili kwenye mfumo mmoja ndani ya miaka miwili, acha kutafuta viraka na uanze kupanga kubadilisha.

Hatua ya 6: Ukarabati wenyewe

Kuna njia tatu za kawaida. Kulehemu ndiyo imara kuliko zote ikifanywa vizuri, na ndiyo yenye hatari zaidi ikifanywa ndani ya dari ya mbao juu ya kitanda cha mtu.

Anayelehemu akaushe bomba kabisa. Tone moja la maji likibaki, joto halitapanda kufika panapotakiwa, na lehemu itaganda juu juu bila kuingia. Asugue ncha na kiungo kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae, apake fluksi nyembamba, aingize, apashe moto kiungo, kisha aguse lehemu upande usio na moto. Shaba ikiwa na joto la kutosha itainyonya lehemu yenyewe, na utaona pete ya fedha imezunguka mwanya. Akilazimika kuisukuma, bado. Lehemu iwe isiyo na risasi. Kiungo kipoe chenyewe, maji yasimwagiwe. Nyuma ya kiungo kuwe na kinga ya moto, kizima moto kiwe karibu, na mtu abaki pale saa nzima baada ya kazi, kwani mbao hufuka kimyakimya kabla ya kuwaka.

Viungo vya kubana kwa nati na pete havihitaji moto. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha kwa spana takriban mzunguko mmoja kwa bomba la milimita 15. Ukizidisha, pete inalibana bomba hadi kuliharibu umbo. Visizikwe ukutani bila kidirisha cha kuvifikia.

Viungo vya kusukuma ndivyo vya haraka, lakini bomba liwe limekatwa wima, limesuguliwa makali, halina mikwaruzo, na uweke alama ya kina kabla ya kulisukuma. Alama isipofika, halijaingia. Nyumba ikiwa na watu ndani, mimi huchagua hizi njia mbili kuliko moto.

Shaba usiiunge moja kwa moja na bomba la zinki. Metali hizi mbili zikikutana majini, zinki na chuma ndivyo vinavyoliwa. Weka kiungo cha shaba nyeupe (brasi) au kiungo chenye kitenganishi katikati, na hakikisha maji yanaanzia kwenye zinki kwenda kwenye shaba. Yakianzia kwenye shaba hubeba chembe zake na kulitoboa la zinki huko mbele.

Pia tazama klipu zinazolishikilia bomba. Shaba hurefuka: mita 10 za bomba zikipanda joto nyuzi 40 huongezeka karibu milimita 7. Likibanwa kila upande, linapiga kelele na hatimaye kiungo hupasuka.

Hatua ya 7: Presha na maji

Funga geji kwenye koki, usome mchana na usiku wa manane, kwa sababu presha hupanda watu wanapolala. Ikizidi baa 5.5, weka valvu ya kupunguza presha. Kama chanzo ni kisima, pima pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Chini ya 6.5 maji yanaiyeyusha shaba, na kichujio cha chembe za chokaa huyapunguza ukali. Mambo haya mawili ni rahisi kuliko dari yoyote.

Hatua ya 8: Ukiamua kubadilisha yote

Unaweza kurudi kwenye shaba nene zaidi, au kwenda kwenye plastiki kama PEX au PPR. Ikiwa kisomo chako kilikuwa vichuguu, nenda plastiki, la sivyo utayapa maji yaleyale chakula kipya. Kumbuka plastiki hurefuka kwa joto kuliko shaba, na suala la athi linarudi hapa kwa nguvu zote.

Weka valvu ya peke yake kwa kila sehemu ya mpangaji. Hakuna kitu nilichokipenda zaidi katika kazi nzima. Zamani nilikuwa nakata maji kwa familia sita ili nitengeneze koki ya mmoja.

Kabla ya plasta kurudishwa, jaza mfumo presha mara moja na nusu ya ile ya kawaida, angalau saa moja, geji isishuke. Piga picha za kuta zikiwa wazi, futi kamba ikionekana kwenye picha. Miaka kumi baadaye mtu atataka kutundika kabati.

Wapangaji wape taarifa ya maandishi mapema, isemayo siku, saa na watakachohitaji: "Jumanne kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni maji yatakatwa. Tafadhali jazeni ndoo Jumatatu usiku. Fundi ataingia jikoni na bafuni tu, nami nitakuwepo." Neno "nitakuwepo" lina uzito wake kwa mtu anayeacha vitu vyake ndani.

Kuhusu gharama, soma mkataba na sheria ya mahali ulipo. Kwa kawaida mabomba ya ndani ya ukuta ni mzigo wa mwenye nyumba, na mpangaji hubeba alichokiharibu mwenyewe au alichokiona kikivuja akakaa kimya. Ndiyo maana ule ujumbe wa usiku wenye picha na tarehe humlinda yeye kuliko unavyokulinda wewe.

Hatua ya 9: Baada ya kazi

Fungua vichujio vidogo vya koki, acha maji baridi yakimbie dakika kadhaa kila koki, kisha maji moto. Mwelekeze mpangaji apikie na kunywa maji baridi tu, na maji yaliyolala usiku kucha ayaache yatiririke mpaka yatoke ya baridi kabisa, hasa kama kuna mtoto anayetengenezewa maziwa ya kopo. Yale ya kwanza ayakinge, yatafaa kudekia.

Ukuta uache wazi wiki moja. Siku ya kwanza, ya pili na ya saba, zungushia kila kiungo karatasi kavu ya chooni, uiache saa moja. Mkono hudanganyika na ubaridi wa shaba, lakini karatasi hulowa hata kwa unyevu ambao kidole hakiusikii. Zikitoka kavu zote siku ya saba, mwite wa plasta.